Matobolwa ya Mama Eustadia

Mama mkwe wangu Eustadia alijulikana hapa Itetemia kwa matobolwa. Viazi vitamu alivichemsha, akavikata vipande, akavianika juani mpaka vikawa vigumu kama ngozi. Meno yake yote yalikuwemo. Alitafuna akipalilia, alitafuna njiani, hata kanisani, na padri alishamsema.

Kwanza ugali ukaanza kumkwama, akawa anaushushia kwa maji. Baadaye uji nao ukagoma, anaurudisha. Hospitalini wakakuta uvimbe kwenye umio, ile njia ya kupeleka chakula tumboni. Walisema tumechelewa. Wakamtoboa tumbo, wakapitisha mpira, tukarudi naye nyumbani.

Muuguzi Recheli alinifundisha kumlisha: uji mwepesi, uliochujwa, uingie polepole, mgonjwa akiwa amekaa. Nikamwuliza kama tumbo litajua la kufanya. Akasema tumbo ni zima, maji yake makali yatauvunja uji, utumbo mwembamba utafyonza cha kuupa mwili nguvu, mpana utavuta maji, taka zitatoka. Kilichoharibika ni njia ya juu.

Nikawa namlisha. Yeye anatazama ukutani, kama mtu anayeogeshwa na wanawe. Haikupita wiki akaukunja ule mpira, akaufunika kwa kanga.

"Mama, kunywa kidogo."

"Mimi sinywi. Wewe ndiye unayemwaga."

Mume wangu Xavery alimbembeleza, akaishia kumgombeza, kisha akatoka nje akakaa nyuma ya banda la kuku. Nikamwambia mama njaa itamuua. Akasema njaa haimtoki hata uji ukiisha.

"Mgeni hapitishwi dirishani, Mama Asnath. Anapiga hodi, anakaribishwa."

Alikonda tukimwona. Shingo ikabaki mishipa.

Binti yangu Asnath alikuwa ndiyo kwanza anaanza kula. Akiona kijiko tu, mate yanamchuruzika kabla hajaonja. Nikamtazama bibi yake pale mkekani. Naye mate yalimjaa, anayatema kwenye kopo. Nikampigia Recheli simu. Akasema hata mdomo una kazi yake, mate huanza kukivunja chakula, na mtu akitafuna, tumbo nalo linaamka. Atafune, ila ateme kila kitu, asijaribu kumeza.

Nikamletea kipande cha matobolwa. Alikinusa. Akatafuna taratibu, macho ameyafumba, akatema kwenye bakuli, akaufunua mpira mwenyewe. Nikamimina uji. Tumbo likanguruma.

"Limesikia," akasema. Xavery akacheka mpaka akafuta machozi.

Tukaendelea hivyo mpaka mvua za kwanza. Anatafuna, anatema, namimina. Mara nyingine ananisuta kwamba uji wangu hauna chumvi, nami namwuliza amejuaje. Lakini uvimbe haukulala. Sauti ikapotea, mikono ikawa baridi hata mchana.

Asubuhi moja nilimpelekea kipande kama kawaida. Alikiweka mdomoni, taya likasogea kidogo, likaacha. Akakitoa, akakiweka kiganjani mwangu, kikavu vilevile.

"Viazi hivi havina utamu," akasema kwa mnong'ono.

Vilikuwa vya gunia lile lile, alivyovianika mwenyewe.

Nikamwuliza kama nimimine. Akatikisa kichwa, akanishika mkono, akaulaza juu ya kanga, pale penye mpira. Tumbo lilikuwa kimya. Nikakaa naye hivyo, Asnath akininyonya, na uji ukapoa kwenye kikombe hadi ukaweka utando.