Mungu Akipenda, kwa Kiingereza

Kwetu ukimwuliza mtu kama atakuja harusini naye akajibu, "Mungu akipenda," unamwekea sahani. Hiyo ndiyo "ndiyo" ya mtu aliyelelewa vizuri. Anayesema "nitakuja" hivi hivi, mkavu, anaonekana ana kiburi, kana kwamba kesho ni mali yake. Mimi nimelelewa hivyo, na adabu hiyo nilipanda nayo ndege hadi London.

Basi mama mmoja wa ofisi ya chuo nilikoomba nafasi aliponipigia simu kuuliza kama ningekuja kuanza masomo Jumatatu, nilimjibu kwa Kiingereza changu safi kwamba Mungu akipenda nitakuja. Akauliza kama hiyo ni ndiyo. Nikamwambia, kwa heshima zaidi, kwamba yote yako mikononi mwa Mungu. Akanishukuru, tukaagana vizuri, nami nikaenda kupiga pasi blauzi.

Jumatatu nilipanda basi kutoka Thamesmead, kwa shangazi yangu ninakoishi. Mlangoni pa darasa wakasoma majina, langu halikuwepo. Ofisini nikaambiwa kwa upole kwamba sikuthibitisha, nafasi amepewa mwingine, na ikitokea nyingine watanipigia. Kozi yenyewe ni ile ya kuniandaa kwa uuguzi. Kuikosa ni kurudi mwaka mzima kwenye makao ya wazee kuwavisha soksi, kazi ambayo nilikuwa nimeshaiaga kwa keki.

Aliyenieleza kosa langu ni binti ya shangazi. Amezaliwa hapa; Kiswahili anakisikia, lakini majibu yake huja kwa Kiingereza.

"God willing? Here that means probably not," akasema, macho kwenye simu yake.

Yaani nilikuwa nimemwambia yule mama kwamba huenda nisije. Nilitaka kucheka, nikashindwa.

"Usijali," shangazi akasema. "Mungu anajua anakokupeleka."

"Shangazi, nimempa heshima yake, na heshima hiyo ndiyo iliyonifukuzisha."

"Usimseme Mungu hivyo."

Wiki ile shangazi aliniudhi, na Mungu aliniudhi zaidi. Kila akirudi kutoka kazini, shangazi aliomba kwa simu na akina mama wa kanisa, spika ikiwa wazi, wakinitaja kama mgonjwa. "Mwongoze binti yetu, Bwana." Nami niko jikoni nasugua sufuria iliyokwisha kutakata. Aniongoze wapi tena? Alishaniongoza mpaka mlangoni akaniacha hapo. Niliomba pia, sitadanganya, lakini kwa kununa, kama mtoto anayelazimishwa kusalimia wageni.

Ijumaa simu ikalia tukiwa kwenye chai. Ni yule mama wa ofisi. Mwanafunzi mmoja amejitoa. Je, nitakuja Jumatatu?

Shangazi alikuwa ameshasogeza kiti kusikiliza. Akaninong'oneza, "Sema Mungu akipenda."

"Ndiyo," nikasema kwenye simu.

"Una hakika?" akauliza yule mama.

"Nina hakika kabisa."

Shangazi akaweka kikombe chini, akaniangalia kana kwamba nimetukana mezani. Nikakata simu, nikamwambia, "Acha tu, Shangazi. Huyu wa ofisini nimeshamjibu. Yule mwingine nitamwambia mwenyewe."

Nikaingia chumbani nikafunga mlango. Sikupiga magoti. Bado nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na woga mwingi, maana sikujua kama kweli nitaiweza kozi ile. Nikasimama mbele ya blauzi yangu, iliyokuwa bado inaning'inia pale tangu Jumatatu, inahitaji pasi upya.

"Mungu," nikasema, "nimesema ndiyo bila kukuuliza. Sasa wewe penda."