Msichana Atakula, Mimi Nitafunga

Msichana wangu amekuwa akijidunga insulini tangu darasa la tatu. Sukari yake si ile ya wazee. Seli nyeupe za damu, askari wa mwili, zilikosea adui zikavamia kongosho, na insulini ikaisha. Hayo nilikuwa nimeyasoma kwa gumbaru, darasa letu la jioni, kwa hivyo daktari wa kliniki alipotuelezea sikukodoa macho. Watafiti wa hapo walitaka damu ya watu kama yeye, waangalie kama kuna virusi vimeingia ndani ya hao askari wenyewe vikawapotosha. Bado hakuna anayejua, alisema, na utafiti huu hautamponya.

Msichana akakubali. "Wamama wa kanisa wamesema sana ni mandazi zako ziliniletea sukari. Wacha tupate jibu."

Nililitaka hilo jibu kuliko yeye.

Sasa, kwa ushirika wetu wa wamama wa kanisa hapa Kayole, mtu akienda hospitali tunafunga pamoja naye. Jumatano, usiku wa kuamkia siku ya kutoa damu, wakakaa kwangu, na mwenyekiti akasema mgonjwa pia afunge.

"Mama, nikifunga mtaniombea nikiwa nimezirai," msichana akamwambia.

"Hata nusu siku tu."

Daktari alikuwa ametuonya: sukari ikishuka asubuhi ya kutoa damu, damu haitolewi. Nikaweka kikombe chini. "Huyu atakula. Mimi nitafunga siku yangu na yake."

"Na imani iko wapi, mama?"

"Iko kwa sufuria. Nampikia uji na mayai."

Wakacheka, lakini mwenyekiti alinuna mpaka maombi ya mwisho. Hata hivyo, asubuhi nilimkuta kwa mlango wangu, amevaa kitambaa cha ushirika, tumbo tupu kama langu. Akamtazama msichana akimaliza mayai, akameza mate, akatusindikiza kliniki.

Nesi akapima sukari. Iko sawa. Akaanza kutoa damu, chupa baada ya chupa, na mwenyekiti akiomba kando ya kiti. Kufika chupa ya tatu sauti yake ikapotea. Kugeuka, ameteleza ukutani, anakaa sakafuni.

Msichana, pamba ikiwa mkononi, akatoa glukosi kwa mkoba wake. "Kula, mama."

"Nimefunga."

"Mimi ndio mgonjwa, na nimesema ule."

Akala. Rangi ikamrudia, akamwuliza nesi jibu litatoka lini.

"Utafiti huchukua miaka, mama."

"Basi tutaendelea kuomba," mwenyekiti akasema, mdomo umejaa glukosi. "Na hiyo maneno ya mandazi, nitawaambia wamama wanyamaze kwanza."