Stoo ya Mama Ndoo

Mdogo wangu wanamwita Mama Ndoo, na wasiomjua hudhani aliuza ndoo. Hakuuza. Alikuwa dobi wa hospitali, upande wa mashuka, tangu akiwa binti mpaka alipostaafu. Jina alilipata kwa kupiga picha ndoo. Ndoo tupu, imepinduliwa nyuma ya jengo la kufulia, jua limeipiga upande mmoja. Alipowaonyesha wenzake kazini walivunjika mbavu.

"Binadamu wote wamekwisha, sasa umefika kwenye ndoo?"

"Ndoo haikuambii ngoja kwanza nichane nywele," akawajibu.

Kamera alipewa na mpiga picha mmoja wa studio, ambaye mdogo wangu alikuwa akimfulia mapazia. Picha za rangi zilipoenea, yule bwana, ambaye siku zote alikuwa mkono wa birika, alimpa kamera ya zamani, mashine ya kukuzia picha na mabeseni yake, akamfundisha na kusafisha picha kwa dawa. Mimi niliona mdogo wangu anabebeshwa takataka. Lakini yeye toka hapo alikuwa na jicho la weupe. Kazini ndiye aliyerudisha kwenye maji shuka ambalo wengine wameapa kuwa limetakata.

"Rangi zina kelele, dada," aliniambia. "Ukizitoa, kitu unakiona chenyewe."

Basi akapiga viatu mlangoni, birika lililobonyea, mikono ya muuza mkaa, kiti changu chenye mguu uliofungwa waya. Siku moja nilivaa gauni langu la heshima nikamwambia anipige na mimi. Akapiga visigino. Kwetu hatukulelewa kuonyesha watu nyayo, na nilimwambia hivyo. Hata hivyo picha hiyo ninayo mpaka leo, na ni nzuri.

Kazi hiyo aliifanyia kwenye stoo iliyokuwa kando ya jiko lake. Haikuwa na dirisha. Mlangoni alitundika blanketi, na juu akafunga balbu nyekundu, kwa sababu karatasi za picha hazidhuriki na mwanga mwekundu. Mwanga mweupe ukizigusa kabla hazijasafishwa, zimeharibika.

Mume wake, shemeji yangu, alikuwa dereva wa lori. Mtu mzuri, sina la kumsema. Mama yake alianguka kwake alikokuwa akiishi peke yake, akaumia nyonga, na shemeji akamleta akae nao. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili vya kulala: chao na cha mabinti zao. Yule mama akawekwa kwa muda kitanda cha chini kwa mabinti.

"Mama watoto," shemeji akasema, "mwisho wa mwezi ile stoo naomba uitoe. Mama hawezi kulala kwa wajukuu kama mgeni."

"Sawa," akasema mdogo wangu.

Sawa yake hiyo naijua, huitoa akiwa ameuma meno. Alikuja kwangu, akakaa kwenye kile kiti cha waya, akaniuliza kama nina chumba kisicho na dirisha. Sikuwa nacho. Kumkatalia mama mkwe asingeweza, na chumba kingine hakikuwepo. Alikuwa amebakiwa na pakiti moja ya karatasi, nyingine huagizwa mbali na kusubiriwa miezi. Alitaka angalau aitumie kusafisha picha zake za dobini kabla hajafunga kazi.

Jumapili ya mwisho nilikwenda kumsaidia kubeba mabeseni. Nilikuta umeme umekatika. Mdogo wangu alikuwa ndani ya stoo, kwenye giza. Hakutaka kupoteza muda, mikono yake ilijua kila kitu kilipo. Alikwisha kufungua pakiti na kuzipanga karatasi mezani, ili umeme ukirudi aanze moja kwa moja. Mimi na yule mama tulikuwa uani.

Umeme ukarudi. Mtaa mzima watoto wakashangilia. Mle stooni nikasikia, "Mungu wangu!"

Akatoka na karatasi mkononi, uso umemshuka. Yule mama akatabasamu.

"Umeona nilivyokuangazia, mwanangu? Ile balbu yako ilikuwa imechoka, imekuwa nyekundu kama jicho la mlevi. Nikamwomba jirani afunge mpya. Utajiua macho!"

Nilidhani mdogo wangu atapasuka. Akavuta pumzi.

"Mama, hizi karatasi zimeharibika. Zimeona mwanga."

"Zimeharibikaje? Mbona nyeupe pe!"

"Subiri uone."

Akaiweka moja kwenye meza ya uani, juani. Upepo ukataka kuichukua, yule mama akaitulizia chanuo lake, akaendelea kunisimulia habari za nyonga yake, na nyonga ile ilikuwa na habari nyingi. Tulipomaliza chai akainua chanuo. Karatasi ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau iliyokolea, na katikati chanuo limebaki jeupe, jino kwa jino, na mapengo yake.

"Nani amechora chanuo langu?"

"Jua, Mama," akasema mdogo wangu. Hata yeye alikuwa anashangaa. "Palipofunikwa pamebaki."

"Hebu lete nyingine."

Tukaweka kijiko. Tukaweka miwani yake, na funguo. Mwisho akaweka mkono wake mwenyewe, akakaa nao juani huku akitukaripia tusimchekeshe, vidole vikatoka vimetetemeka kidogo. Mdogo wangu akamwambia zikiachwa hivyo zitaendelea kukolea mpaka picha zipotee, lazima zipite kwenye dawa. Yule mama akataka kuona. Balbu nyekundu ikarudishwa, wakaingia wote wawili, blanketi likashushwa. Nilibaki nje na vikombe.

Jioni shemeji akaja na kitanda na nyundo. Akamkuta mama yake amekaa kwenye kigoda, mlangoni pa stoo.

"Hicho unakipeleka wapi?"

"Chumbani kwako, Mama."

"Hapa ni kazini. Nani analala kazini?"

"Mama, si tulikubaliana utapata chumba?"

"Nilidhani kina dirisha. Wewe umeona dirisha humu? Kitanda peleka sebuleni, palipo na hewa."

"Sebuleni kuna televisheni. Watu wanaangalia mpira."

"Mtaangalia kimyakimya."

Shemeji akanigeukia. "Shemeji, hebu sema neno."

Nikamwambia mimi nilikuja kubeba mabeseni, na kama hayabebwi, nakwenda zangu.

Kitanda kikawekwa sebuleni chini ya dirisha, na hapo yule mama akaishi miaka yake yote iliyobaki. Karatasi zilizoharibika wakazimaliza uani, na chanuo likatundikwa ukutani. Pakiti mpya ilipofika, picha ya kwanza kusafishwa haikuwa ya dobini. Ni ya shemeji, mgongo tu, ameinamia televisheni iliyozimwa sauti, na nyuma yake nyayo mbili za mama yake zimechomoza kwenye shuka. Shuka lenyewe jeupe, halina doa.

Shemeji haipendi. Mimi niliomba nakala.