Paskali na installer iliyojua kupiga hodi

Siamini bado kwamba Paskali wa Nangwa tumemzika juzi. Kidole changu kinatafuta jina lake kwenye simu kila nikitaka kuwasha kompyuta ya mtu.

Mnanijua. Form Two niliiacha ikiwa bado inanihitaji, Dubai nimefika, na Katesh nzima hakuna fundi kompyuta wa kunizidi. Ila code, maandishi yenyewe ya programu, aliandika yeye. Mimi nilibeba flash na kuongea.

Programu yake ilikuwa ya wakulima na wafugaji: mbegu gani imegawiwa, ng'ombe gani kachanjwa.

Kijijini Tumati nilimwaibisha Paskali. Laptop ya kikundi cha wakulima ilikuwa kuukuu, mimi nikabonyeza Yes, Yes, Yes bila kusoma. Installer, ile ya kuipandisha programu kwenye mashine, ikaweka vifurushi vya programu vilivyotengenezwa tayari kwa ajili ya mashine mpya. Programu ikagoma kufunguka, mama mwenyekiti anatuangalia.

Nikasema, "Ni mtandao, mama."

Paskali akasema, "Hapana mama, si mtandao. Kosa ni langu, installer yangu haikuuliza vizuri."

Jamani! Njiani nikamwambia, "Wewe utakufa maskini na huo ukweli wako." Akacheka. "Na wewe utakufa hujasoma hata mstari mmoja."

Akaifumua installer, akaisuka upya, sasa inauliza kwanza. Ukitaka vifurushi vya tayari, sawa. Ukikataa, inajenga kila kitu palepale kwenye mashine yako, haipenyezi cha tayari kwa siri. Ukiandika option, yaani chaguo, isiyoijua, inasimama, haijifanyi imeelewa.

"Kompyuta ya mtu ni boma lake," alisema. "Unapiga hodi. Ukiambiwa hapana, unabaki nje."

Gendabi tulikuwa twende wote, kwa mzee mfugaji anayewatunzia majirani rekodi za chanjo. Jana nimeenda peke yangu. Mimi huyu, bingwa! Nikakosea option.

Ikasimama. Paskali alikuwa ameandika hivi: "Chaguo hili silijui. Sijagusa kitu. Pole, anza tena taratibu."

Nilisoma mara tatu.

Mzee akauliza, "Kijana, imeharibika?"

Neno mtandao lilikuwa tayari mdomoni. Nikalimeza. "Hapana, mzee. Nimekosea mimi."

Nikaanza tena, nikasoma kila mstari. Ikafunguka.

Kaka Paskali, kosa la Tumati lilikuwa langu. Naliandika hapa mbele ya watu wote, na mama mwenyekiti asome.

Huko ulikofika piga hodi tu, wewe hawawezi kukuacha nje. Lala salama, Paskali. Taratibu.