Karanga Juu ya Chokoleti za Shangazi Tekla

Behewa lilinukia maganda ya machungwa, mafuta ya mitambo na jasho la watu waliolala wamekaa. Nilipanda treni Tabora nikiwa na miaka kumi, nikiwa na begi la kitambaa lililofungwa kwa kamba ya katani. Jirani mmoja wa baba yangu mdogo alikuwa anakwenda Dar es Salaam, na yeye ndiye aliyekubali kunishusha njiani. Kila treni iliposimama niliuliza kama tumefika. Akanijibu mara ya kwanza, akanijibu na ya pili, halafu akajifunika khanga ya mkewe usoni. Kwa hiyo niliivuka Dodoma nikiwa macho, nikaivuka Gulwe nikiwa macho, nikihofia kwamba atasahau na mimi nitafikishwa mahali ambapo hakuna anayenijua. Tangu mama afariki nilikuwa nimeshakaa katika nyumba tatu, na katika kila nyumba siku ilifika watu wazima wakaanza kuzungumza kwa sauti ya chini ninapoingia. Nilikuwa nimeshajifunza kwamba sauti ikishuka hivyo, begi linafuata.

Pale Kilosa, Shangazi Tekla, dada yake baba, alikuwa amesimama mbele kabisa ya jukwaa la stesheni, mwembamba, mrefu, amefunga kilemba cheupe. Nikamwamkia, "Shikamoo, Shangazi." Akajibu, "Marahaba, baba," akachukua begi langu. Hakuna aliyewahi kuniita baba. Tukapanda juu ya lori lililobeba magunia ya mpunga wa Tindiga, tukala vumbi hadi Mikumi, na njia nzima nilikuwa najiuliza atachoka na mimi baada ya muda gani.

Mikumi ya mwanzoni mwa miaka ya tisini ilikuwa mji wa watu wanaopita. Malori ya Zambia yalijipanga kandokando ya barabara kuu, madereva wakala, wakaoga, wakaondoka. Shangazi alikuwa mpishi katika gesti moja karibu na maegesho hayo, na zamani, kabla ya hapo, alikuwa amempikia mke wa meneja wa shamba la mkonge kule Kilosa. Kutoka kwa mama huyo alirithi kitu kimoja ambacho hakuna mwingine Mikumi aliyekijua: vidonge vya chokoleti vyenye brandi, visivyookwa wala kukaangwa, vya kutengeneza Krismasi na kupeleka kwa watu. Mwaka mzima alikuwa akivikusanyia vifaa. Dereva mmoja alimletea unga wa kakao kutoka Kyela, mwingine alimletea chokoleti ya mapande kutoka Zambia, imefungwa kwenye gazeti na kufichwa chini ya kiti isije ikayeyuka. Brandi alipewa na mwenye gesti, chupa ndogo, kila mwaka.

Kazi ilianza alfajiri ya mkesha wa Krismasi, kwa sababu jua la Desemba la Mikumi halina huruma na chokoleti. Mimi nilitwanga biskuti kwenye kinu mpaka zikawa unga laini kama pumba. Shangazi alizichekecha, akachanganya na kakao, sukari, siagi na maziwa mazito ya kopo, akakanda mpaka likawa donge jeusi linalong'aa. Kisha akanituma kisimani. Niliporudi na ndoo, chumba kizima kilikuwa kinanukia brandi, harufu ya moto na zabibu iliyokaa kooni, na mezani kulikuwa na madonge mawili badala ya moja. Sikuuliza. Katika zile nyumba nyingine nilikuwa nimejifunza pia kutouliza.

Tukaanza kuviringisha. Unalowesha viganja kwa maji baridi, unachukua kiasi cha kucha ya dole gumba la mtu mzima, unakizungusha haraka kabla joto la mkono halijakifanya kibandike. Vyangu vilitoka na pembe. Shangazi akacheka, "Baba, hizi ni chokoleti au ni kokoto za barabarani?" Chokoleti ya mapande ikayeyushwa kwenye bakuli lililokaa juu ya sufuria ya maji ya moto, kila kidonge kikachovywa kwa uma, kikapangwa kwenye sinia lenye karatasi iliyopakwa siagi. Masinia yalikuwa mawili, kila moja limekaa juu ya karai la maji ya kisima ili yapoe. Kwenye sinia moja alibandika nusu ya karanga juu ya kila kidonge, kabla chokoleti haijaganda. Kwenye la pili hakuweka kitu. Nilidhani zenye karanga ni za wakubwa.

Akaenda gesti kuwapikia wageni chai, akaniachia kazi ya kulinda masinia dhidi ya sisimizi. "Usiguse kitu," alisema, "ila sisimizi." Nikakaa. Sikuwa nimekula tangu jana jioni kwa sababu ya wasiwasi wangu wa kila siku, wa kuonekana mlaji. Kula kidonge kizima kulikuwa wizi, hilo nililijua. Lakini karanga moja? Nikang'oa nusu karanga, nikala, nikalowesha kidole nikasawazisha kishimo. Haikuonekana. Nikala ya pili. Niliposhtuka, pembe yote ya sinia ilikuwa haina karanga, vidonge kumi na viwili, laini, vimepigwa kidole vizuri kuliko nilivyoviringisha.

Shangazi alirudi akiwa na haraka, akaanza kupanga sahani. Akaziona zile kumi na mbili, akakunja uso. "Kumbe nyingine za Mama Rehema niliziweka huku kwa kukosa nafasi," akajisemea, akazihamisha kwenye sahani ya jirani yetu, juu ya nyingine zisizo na karanga, akafunika kwa kitambaa chake cha kutarizi chenye maua mekundu. Mimi nikashusha pumzi. Nikabeba sahani, nikavuka uwanja, nikampa Mama Rehema mkononi. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia watu kutoka ng'ambo ya mto, na tangu nifike Mikumi hakuna siku aliyoniacha nipite mlangoni kwake bila kunitia kitu mdomoni. Nyumba yao ilikuwa ya Waislamu, wenyeji wa siku nyingi wa bonde lile. Idd walituletea pilau, Krismasi tuliwapelekea chokoleti.

Niliporudi, Shangazi alinipa sahani ya pili. "Hii ya gesti. Na usionje njiani, utalewa. Zote zenye karanga zina brandi. Zisizo na karanga ni maji ya machungwa na tangawizi, ndizo za akina Mama Rehema na watoto."

Mpaka leo nikisikia habari mbaya, masikio yangu huziba kwanza. Siku ile yaliziba nikiwa nimeshika sahani. Nilimwona Shangazi akisogeza midomo na sikusikia tena alichosema. Nikapeleka ile ya gesti, nikaiweka kaunta bila hata kusalimia, halafu nikasimama barabarani kati ya malori mawili nikipima mambo. Nikinyamaza, huenda hawatajua. Nikisema, Shangazi atajua kwamba amelea mtoto anayekula vya watu kwa siri, na jioni watu wazima wataanza kuzungumza kwa sauti ya chini. Miguu ilikata shauri kabla yangu. Nikakimbia.

"Shikamoo, Mama Rehema."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema kama umefukuzwa na nyati?"

"Shangazi anaomba sahani yake."

"Sahani! Hata haijapoa mkono wa aliyeileta! Tekla siku hizi ana haraka ya wapi?" Akacheka. Kisha akasema jambo ambalo nilipaswa kulijua, maana nilikwisha kuliona wakati wa Idd: sahani ya sikukuu haitoki kwake tupu. Mafuta yalikuwa jikoni tayari, unga ulikuwa umeumuka, nikae nisubiri maandazi. Akavimimina vidonge kwenye bakuli la bati, akaliweka barazani kwenye jamvi, mbele ya Babu Shomari, baba mkwe wake.

Babu Shomari alikuwa na meno manne na alipenda chokoleti za Shangazi kwa sababu hazikuhitaji meno. Kila mwaka cha kwanza kilikuwa chake. Nikakaa kwenye ukingo wa jamvi, nikalikodolea macho lile bakuli. Zilikuwa zimechanganyika zote. Nikamwomba Mungu, Babu apate isiyo na brandi. Akachukua ya juu kabisa. Akaizungusha mdomoni polepole, mashavu yakaingia ndani, huku mafuta yakichemka jikoni.

"Za mwaka huu zinachoma," alisema kwa furaha. "Tekla kaongeza tangawizi." Mkono ukarudi kwenye bakuli.

"Babu, acha! Ina pombe!"

Mama Rehema alitoka na mwiko mkononi, mafuta yakidondoka. "Unasema nini wewe?"

"Zina brandi. Siyo zote. Ni mimi. Nimekula karanga."

"Karanga gani? Kwa hiyo miaka yote hii Tekla anatulisha pombe?" Sauti yake haikupanda. Ilishuka, na hilo ndilo lililoniogofya kuliko yote. Sikuwa nimewaza hapo. Nilikuwa nimejiwazia mimi na begi langu, kumbe kilichokuwa mle bakulini ni miaka yote ya Shangazi katika uwanja ule: uaminifu wa mwanamke aliyefika peke yake na kupokelewa. Nikaanza kulia na kueleza kwa pamoja, masinia mawili, kisima, kidole, pembe ya sinia, na kadiri nilivyoeleza ndivyo karanga zilivyozidi kutokueleweka.

Babu Shomari alikuwa ametema kiganjani. Akaomba maji, akasukutua mara tatu, akafuta midomo kwa upindo wa kanzu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza maswali kama karani. "Aliyezihamisha ni nani? Alijua? Na wewe ulijua unapozileta hapa?" Nikasema sikujua, nimejua baadaye. "Nani amekutuma uje kusema?" Nikasema hakuna. "Shangazi yako anajua?" Nikasema hajui.

"Mimi sikujua, na Mungu anajua kwamba sikujua," alisema. "Hilo ni langu, niachie. Nenda kamwambie Tekla sasa hivi, kwa mdomo wako. Asije akalisikia kwa mtu mwingine."

Umbali kutoka baraza ile hadi kwetu hauzidi hatua sitini. Nilizihesabu. Shangazi alinisikiliza amesimama, akaweka kiganja mdomoni, akavua aproni, akanishika mkono wala hakunivuta. Akaenda kuchuchumaa chini kabisa ya ngazi ya baraza yao, kilemba chake kikiwa chini kuliko jamvi, na mimi nikaambiwa nibaki kwenye ua wa matete. Nilisikia vipande tu. "Huyu mtoto…" Kisha sauti ya Mama Rehema, juu, ya kuita watu ng'ambo ya mto: "Inuka bwana, utachafua gauni la Krismasi!" Akatoka na sahani yetu ikiwa na maandazi ya moto, imefunikwa kitambaa kile kile, na vile vidonge akavirudisha vikiwa kwenye kopo. "Peleka kwa madereva wenu," alisema. "Waambie ni salamu kutoka kwa Waislamu."

Nilisubiri kipigo hadi jioni. Hakikuja. Tulipokuwa tunakula, Shangazi aliniongezea nyama akasema, "Baba, ukitaka karanga si unaomba?" Basi. Mwaka uliofuata alizitengeneza za majirani za pembe nne, ili hata aliyefumba macho azijue kwa kidole. Mama Rehema naye kila Krismasi alipaza sauti mlangoni, "Damiani! Leo umekula karanga ngapi?" na uwanja mzima ukacheka, hata Babu Shomari na meno yake manne. Walikuwa wamekwisha kulifanya jambo lile hadithi ya kuchekea. Mimi sikuweza. Kila Shangazi aliponiita jina langu kamili moyo uliruka. Nguo zangu nilizikunja kila asubuhi kama mtu anayengoja gari, na hilo liliendelea miaka mitatu.

Sasa nina miaka arobaini na kitu na nimeishi katika miji tisa. Nimekuwa utingo, karani wa ghala, muuza vipuri. Kila ninapozoeleka mahali, naanza kusikiliza sauti za watu kama zinashuka, na nikihisi tu zimeshuka, nahama kabla sijaambiwa. Siku hizi chokoleti zenye kileo zinauzwa madukani katika maboksi yenye utepe, zimepoozwa kwa mashine, na nyuma ya boksi kumeandikwa kila kilichomo. Desemba iliyopita nilitengeneza za kwangu, nikawapelekea majirani wa nyumba ya kupanga ninayokaa Mafinga. Baridi ya kule inagandisha chokoleti ndani ya dakika chache, sikuhitaji hata karai. Niligonga kila mlango nikauliza kwanza nani anakula nini na nani hali nini, wakaniona mtu wa ajabu kidogo. Basi la kwenda Dar es Salaam likisimama Mikumi, abiria hushuka kununua soda. Mimi hubaki kwenye kiti. Shangazi alifariki nikiwa mbali, na nilifika siku ya tatu ya msiba, mgeni kati ya wageni.

Niliondoka kwake asubuhi moja ya Januari, kwenda kuanza sekondari Iringa. Alinisindikiza hadi kituoni yeye na Mama Rehema, wakibishana ni nani alinilisha zaidi. Gari lilipofika, Shangazi alinirekebisha kola, akasema, "Shule ikifunga unakuja. Kitanda chako sitampa mtu." Nikasema, "Ndiyo, Shangazi." Yeye alimaanisha kila neno. Mimi nilikuwa nimeshapanga na rafiki yangu mmoja nikae kwao likizo ya kwanza. Nikapanda, nikapata kiti cha dirishani. Wao walisimama kandokando ya barabara wameshikana mikono, wakipunga, na walikuwa bado wanapunga wakati mimi nimeshageuka kutazama mbele.