Faini ya Mtani Kwenye Piano

Katika miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mashirika ya umma yalipoanza kuuza hata viti vyake, mfanyabiashara mmoja wa ufuta alinunua piano kuukuu ya hoteli iliyofungwa Dar es Salaam, akaisafirisha kwa lori la mpunga hadi kwenye nyumba yake ya wageni, Ikwiriri. Alidhani ingevuta wateja. Ilivuta watu wawili: mimi, mwalimu wa sekondari kutoka Tabora niliyefundishwa kinanda na mapadri, na mzee mmoja Mndengereko aliyewahi kupiga piano katika bendi za jazi mjini kabla ya kurudi kwao kulima mpunga.

Kila Jumamosi, baada ya swala ya alasiri, tuliketi benchi moja. Mimi, upande wa kulia, nilisoma nota za muziki wa klasiki kama zilivyoandikwa. Yeye, kushoto, alinifuata kijazi: akichelewesha mapigo, akipenyeza sauti ambazo padri wangu angezifuta kwa kalamu nyekundu. Mvua za masika zilikuwa zimevimbisha mbao, na vibonyezo kadhaa havikulia tena. Yeye alivijua, akavikwepa. Mimi nilivipiga vyote, kwa kuwa vilikuwa vimeandikwa.

"Mnyamwezi wewe," aliniambia, "hicho kimekufa tangu masika. Unampigia hodi marehemu."

Sikucheka. Nilikuwa mtu mkali, na bado ni mkali. Naamini uzembe huanza pale mtu anapodharau kilichoandikwa. Lakini nilikuwa nimepuuza jambo ambalo babu zangu walioshuka pwani na mizigo walilijua vyema: Mnyamwezi na watu wa pwani ni watani. Mtani ana haki ya kukukejeli na hata kuchukua kilicho chako, na anayekasirika ndiye mkosaji.

Jumamosi moja sikuziona nota zangu. Mzee alikuwa amezikalia, akitazama dari kama mtu asiye na habari. Nikamwita mwizi, mbele ya mwenye nyumba na wasafiri waliokuwa wakisubiri basi. Mzee alinyanyuka, akazinyoosha karatasi kwa kiganja, akanikabidhi, akaondoka.

Hakuja wiki tatu. Nilipiga peke yangu, kila nota mahali pake, na nikasikia jinsi muziki wangu ulivyokuwa mkavu. Katika bonde lote la Rufiji hapakuwa na mwingine ambaye ningeweza kuzungumza naye kwa vidole, na huyo nilikuwa nimemvunjia heshima kwa sababu ya mzaha aliokuwa na haki nao.

Nikamfuata shambani na jogoo, faini ya desturi. Akaacha kupalilia, akamkagua.

"Amekonda kama mwalimu wa serikali. Rudi naye. Faini yangu ni nyingine: Jumamosi uje bila karatasi."

"Sijui kupiga bila karatasi, mzee wangu."

"Najua. Ungekuwa unajua, ingekuwa faini gani hiyo?"

Nilikwenda. Wasafiri walikuwapo, na mwenye nyumba alikuwapo. Nilianza kipande nilichodhani nakijua kwa moyo. Katikati kikanitoka, kidole kikaangukia pasipostahili, na sauti mbaya ikajaa chumbani. Nilitaka kuinuka. Mzee hakunitazama. Aliichukua sauti ile ile, akaipiga chini upande wake, akairudia, akaitengenezea njia, mpaka ikawa kana kwamba tangu mwanzo tulikuwa tukiielekea. Kisha akasubiri.

"Sema na wewe," akanong'ona. "Umenyamaza kama uko ukweni."

Nikajibu kwa vidole vitatu. Akacheka, akanijibu.

Nimesoma mengi juu ya msamaha, na nimewafundisha wengine mengi. Hakuna kitabu kilichonionyesha mtu akilipokea kosa la mwenzake hadharani na kulifanyia kazi, bila kumrudishia.

Adhana ya magharibi ilipoanza aliondoa mikono, akafunga kifuniko, akaenda kutawadha. Mimi nilibaki benchini, nimesamehewa na bado nina aibu. Naona vyote viwili vilinistahili.