Kilo Mbili za Kamba

Mama mkwe alikuwa amekaa nasi Makutano, hapa Meru, wiki tatu, na kwa wiki hizo zote alikunywa chai na kumega ncha za chapati, basi. Mume wangu alimleta kutoka Lamu alipomaliza eda ya baba mkwe, kwa sababu huko hakuwa amebaki na mtu. Daktari alimpima, akasema hana ugonjwa, ila akiendelea kutokula tutampoteza. Nikaapa: kwangu hafi mtu kwa njaa.

Nilimuuliza anatamani nini. Akanong'ona, "Kamba wa nazi, mwanangu."

Mume wangu aliagiza Mombasa, wakaja kwa basi, kilo mbili ndani ya barafu. Nilifungua sanduku nikakutana na masharubu na macho meusi kama punje za pilipili manga. Nikampigia mama yangu huko Kiirua.

"Hao ni wadudu!" alisema. "Kwani nyama imeisha hapo Meru, aki?"

Nikakata simu. Nilivunja vichwa, nikavua magamba, nikapasua migongo na kutoa ule uzi mweusi, nikigeuza uso kila mara. Sikuacha.

Kosa langu lilikuwa la kinyumbani kabisa. Nimelelewa na githeri, mahindi na maharagwe yanayokaa motoni nusu siku, na kinachoepuliwa mapema sisi husema bado. Kilo ya kwanza niliichemsha saa nzima, nikaongeza maji mara mbili. Kamba wakajikunja, wakawa wagumu kama kandambili. Nikampelekea chumbani kwa sinia, na kitambaa juu, kama anavyopelekewa mtu mzima wa heshima.

Alitafuna mmoja hadi taya likachoka. "Umewaadhibu, mwanangu," alisema kwa upole.

Nilikasirika, kwanza naye, halafu na mimi mwenyewe. Lakini kilo moja ilikuwa bado kwenye friza, na mimi sishindwi na mdudu. Kesho yake nikamleta jikoni, nikamketisha kwenye stuli, nikamwambia aniamuru.

Akaamuru kweli. Kitunguu, nyanya, bizari, tui zito, na kamba waingie mwisho. Walipoanza tu kuwa wekundu akasema, "Epua."

"Bado, mama."

"Epua, nakwambia!"

Nikaepua, moyoni nikijua ni wabichi. Nikapakua, nikaanza kuibeba sahani kwenda chumbani.

"Wapi tena?" akauliza. "Wiki tatu wanifungia na sahani mle ndani. Weka hapa, tule."

Nilimweleza kwamba kwetu mkubwa huandaliwa peke yake, na kwamba ni heshima.

"Heshima hiyo ndiyo yaniua," alisema. "Miaka arubaini na mume wangu, sikuwahi kula peke yangu."

Niliona aibu iliyonichoma masikio. Nilikuwa nimehangaika na chungu wiki tatu bila hata siku moja kuketi naye.

Nikavuta kiti. Sahani ilikuwa katikati yetu, na mkono wake ulikuwa umetulia mapajani. Alikuwa akinisubiri. Nikachukua kamba mmoja, nikafumba macho, nikatafuna, nikameza.

Mama mkwe alinitazama kooni hadi akahakikisha kamba ameshuka. Ndipo akakunja mkono wa buibui lake, akala.